Mkunga Alipokataa Kumpokea Binti Yangu

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maneno haya ya wahenga wetu tumeyasikia tangu utotoni, nasi huyatamka kila tunapotaka kumtukuza mama. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze juu ya mtu wa pili aujuaye uchungu huo ingawa mwana si wake. Huyo ni mkunga.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa mkunga ni nani. Ndiye mtu wa kwanza aliyetugusa tulipoingia duniani. Ndiye aliyetukata kitovu, akatuogesha, akamfunga mama yetu mkaja, akamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ikatimia. Hata tunapowaoza binti zetu, kuna fungu liitwalo mkaja ambalo hupewa mama wa bibi arusi, kwa ukumbusho wa kitambaa kile alichofungwa tumboni alipomzaa. Ada yenye mizizi kama hii haing'oki kwa siku moja, wala mimi si katika wale wapendao ing'oke.

Lakini mwaka 2023 ada hii ilinitia katika mtihani ambao sitausahau. Na ajabu ni kwamba aliyenitoa katika mtihani huo ni mkunga mwenyewe.

MTOTO WA KWANZA HUZALIWA KWAO

Mimi ni mwenyeji wa Siyu, kisiwani Pate. Binti yangu ameolewa mjini Lamu, mtaa wa Langoni. Mwaka ule alishika mimba yake ya kwanza, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Ilipofika miezi saba nilianza kutayarisha chumba, kwani ada yetu inajulikana: mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Mama humwendea binti yake, akamrudisha nyumbani, akakaa naye mpaka arobaini, ndipo akamrejesha kwa mumewe na mtoto mkononi.

Ada hii haikuzuka bure. Msichana anayezaa mara ya kwanza ana hofu na ana haya. Kwa mamake anaweza kulia bila ya kuonekana dhaifu. Hakuna mume wa kumpikia, hakuna wageni wa kuwatandikia. Na zaidi ya hayo, kwetu Siyu yuko mkunga wetu, bibi mzee anayekaribia miaka 80, aliyempokea binti yangu huyo huyo mwaka 1999. Nani basi angestahili kumpokea mjukuu wangu kama si yeye?

Nilipokwenda Lamu kumchukua mwanangu, mavyaa wake alinikaribisha vizuri, akaniandalia kahawa na halua, kisha akasema kwa sauti ya adabu, “Dada yangu, mwana ni wako na ada ni yetu sote. Lakini kutoka mlango huu mpaka hospitali ni robo saa kwa miguu. Kwa nini tumpandishe mashua mtu wa miezi minane?”

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kusema mbele yangu, lakini nilijua kwamba maneno yale yalikuwa yake pia. Binti yangu naye alikaa kimya, akizivuta ncha za leso yake. Nilipomwuliza peke yake chumbani, alinijibu, “Mama, mimi namtaka bibi mkunga. Hospitali naogopa. Nikikutwa na nesi mwanamume je?”

Nikaona nimeshinda. Nikawaambia nitarudi Siyu kuzungumza na mkunga, na baada ya wiki mbili nitakuja kumchukua mzazi wangu.

KWA NINI NILIICHUKIA HOSPITALI

Kabla sijaendelea ni haki nieleze kwa nini moyo wangu ulikuwa mgumu. Katika wanangu wanne, watatu walipokewa na mkunga wetu. Mmoja, wa kwanza, nilimzaa hospitalini mwaka 1987, wakati mume wangu alipokuwa akifanya kazi katika mji mmoja mbali na kwetu. Hospitali hiyo sitaitaja, kwani waliokuwapo siku hizo huenda hawapo tena.

Nilifika usiku, buibui langu likavuliwa na kutupwa pembeni. Nilipolia niliambiwa ninyamaze, nikaulizwa kama nilikuwa nikilia hivyo siku niliyoipata mimba. Nililala juu ya kitanda kisicho shuka, peke yangu, huku mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Mtoto alipotoka sikuambiwa ni mume au mke mpaka asubuhi. Nilitoka salama na mtoto wangu salama, alhamdulillahi, lakini nilitoka nimevunjika. Nikaapa kwamba asiyenifunika nguo hatanizalisha tena.

Najua si mimi peke yangu. Wako akina mama wengi hapa Pwani ambao wakiulizwa kwa nini hawaendi hospitali hawatasema ni umbali wala ni fedha. Watasema ni ulimi. Jeraha la kisu hupona, la ulimi halisahauliki.

Jambo moja sikulijua wakati ule. Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 1987, mabingwa wa afya kutoka nchi nyingi walikutana hapa hapa Kenya, mjini Nairobi, wakazungumza juu ya vifo vya akina mama katika uzazi, na wakaanzisha juhudi za ulimwengu za kuvipunguza. Mimi nilikuwa mmoja wa akina mama hao waliokuwa wakizungumziwa, wala habari sina.

“SIMPOKEI”

Basi nilirudi Siyu. Nilichukua leso mpya, ratili chache za sukari na mafuta ya nazi, nikaenda kwa mkunga wetu baada ya sala ya Alasiri. Nilimwamkia, nikambusu mkono. Aliniuliza hali ya mwanamwali, siku zake, kama miguu imevimba, kama kichwa chamuuma, kama mtoto anacheza. Nilimjibu yote. Kisha nikamwambia nilichokijia.

Alizikunja zile leso, akazirudisha mbele yangu.

“Simpokei,” alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kama ni uzee, sisi tutamsaidia. Yeye akae kitini aelekeze tu. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama tumemkosea jambo. Akasema hapana. Tukakaa kimya kitambo kirefu, mpaka akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Dada yako unamkumbuka?”

Nitawezaje kutomkumbuka? Dada yangu alifariki mwezi wa Julai 1983, mwezi wa mfungo mosi, usiku wa mwezi mpevu. Alikuwa na umri wa miaka 23 na alikuwa na watoto wawili aliowazaa bila ya taabu. Mimi nilikuwa msichana wa miaka 18. Nyumbani kwetu kifo hicho kilikuwa na maelezo moja tu: kudura ya Mwenyezi Mungu. Na tangu siku ile hakuna aliyekizungumzia tena.

Usiku ule wa 2023, miaka 40 baadaye, mkunga alikizungumzia.

“Mtoto alitoka kabla ya Magharibi,” alisema. “Kondo la nyuma halikutoka. Nikamkanda tumbo, nikampa chupa apulize, nikafanya kila nililofunzwa na mamangu. Damu ikawa yatoka kidogo kidogo. Mimi nikajua. Nakwambia leo, mwanangu, mimi nilijua kabla ya kuadhiniwa Isha. Lakini niliona haya kutoka nje niwaambie wanaume nimeshindwa. Nikasema nitangoja kidogo. Nikangoja mpaka watu wakatoka msikitini.”

Msomaji asiyeijua Siyu lazima aelezwe jambo moja hapa. Mji wetu haukukaa juu ya bahari kuu. Mashua huingia kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, na maji yakikupwa huko hubaki tope. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne na saa tano za usiku, na hayajai tena mpaka karibu na alfajiri. Isitoshe, Julai ni wakati wa kusi, na mwenye tanga anayetoka kwetu kwenda Lamu upepo huo humjia usoni.

Walipomteremsha dada yangu juu ya kitanda cha kamba, saa tatu u nusu, mashua ilikuwa imeshakaa juu ya tope. Wanaume waliisukuma mpaka kiunoni wakazama. Mimi nilikuwa ufukoni nimeshika taa. Nakumbuka mwezi ulivyong'aa juu ya tope lile, na sauti ya mamangu akisoma Yasini. Saa nane za usiku dada yangu aliaga dunia ndani ya mashua ambayo haikusogea hata pima moja.

“Basi ungeliwaambia Magharibi wangeliwahi,” nilimwambia mkunga, na naungama kwamba nilisema kwa uchungu.

“La,” alijibu. “Hilo nimelipima miaka 40. Hata tungeliondoka Magharibi, Mkanda ungetukuta na maji yamekupwa.” Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao mashua za kwenda Lamu hupita maji yanapojaa. “Dada yako hakuhitaji mashua ya mapema. Alihitaji awe Lamu kabla uchungu haujamshika. Mwanao yuko Lamu tayari, nawe wataka kumleta huku?”

Kisha akainua mikono yake miwili, iliyojaa makunyanzi, akaniambia, “Mikono hii yajua kupokea. Haijui kuongeza damu.”

DAMU HAINGOJI

Tangu siku ile nimeuliza sana, na nimeelezwa na wajuao jambo lililomuua dada yangu. Mtoto akishatoka, mji wa uzazi hujikaza kama ngumi. Kujikaza huko ndiko kunakoifunga mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo. Kondo likibaki ndani, zima au kipande, ngumi haifungiki, na damu humwagika. Mwanamke mwenye afya njema anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi ulimwenguni kuliko sababu nyingine yoyote ya uzazi.

Dawa yake ya kwanza hospitalini ni sindano ya oksitosini, ambayo hupigwa pajani mara mtoto atokapo ili mji ujikaze. Dawa hii hutunzwa mahali pa baridi, kati ya digrii 2 na 8. Haiwezi kukaa katika kikapu cha mkunga ukutani. Kondo likikawia zaidi ya nusu saa, wako waliosomea kulitoa. Damu ikipungua, huongezwa nyingine. Kifafa cha mimba nacho kina sindano yake, na mtoto aliyekwama ana chumba cha upasuaji. Haya yote hakuna mkunga wa nyumbani, awe hodari namna gani, awezaye kuyatenda.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi huuawa na kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, watu wa nyumbani huchelewa kukata shauri. Pili, huchelewa njiani. Tatu, akishafika huchelewa kuhudumiwa. Niliposomewa maneno hayo nilimwona dada yangu mbele ya macho yangu. Alichelewa mara ya kwanza kwa haya ya mkunga, akachelewa mara ya pili kwa kupwa kwa maji. Ya tatu hakuifikia.

Serikali na mashirika ya ulimwengu hayakuwadharau wakunga wetu tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilihimiza wakunga wa jadi wafunzwe usafi, wembe mpya na uzi safi wa kitovu, na mkunga wetu alikuwa mmoja wa waliopata mafunzo hayo. Faida ilipatikana. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba mafunzo hayo peke yake hayawezi kuzuia vifo vya akina mama, maana penye damu nyingi wembe safi hausaidii.

Hapa nchini mambo yamebadilika sana. Kwa mujibu wa uchunguzi wa serikali wa mwaka 2008 na 2009, katika kila uzazi 100 ni 44 tu uliosimamiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mwaka 2014 ukafika 62, na mwaka 2022 ukafika 89. Mwezi wa Juni 2013 malipo ya kujifungua yaliondolewa katika hospitali za serikali. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya imehamia SHA, kwa hivyo mama mwenye mimba afadhali ajiandikishe mapema, asingoje uchungu. Hata hivyo hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba wanawake 362 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Nyuma ya kila mmoja wao yuko msichana aliyeshika taa ufukoni.

NA STARA JE?

Najua wako watakaoniuliza juu ya stara, na swali hilo ni la haki. Mwanamke wa Kiislamu anayo haki ya kusitiriwa, nayo haipotei anapovuka kizingiti cha hospitali. Wanazuoni wetu wamelieleza jambo hili siku nyingi: atafutwe kwanza mwanamke mwenye ujuzi, akikosekana, dharura inayo hukumu yake, na kiasi cha kuonekana ni kiasi cha haja. Kuokoa nafsi ni jambo kubwa katika dini yetu.

Wako pia wasemao kwamba mwanamke akifa katika uzazi hupata daraja ya shahidi. Ni kweli tumepokea hivyo, nami namwombea dada yangu daraja hiyo kila Ijumaa. Lakini daraja ya shahidi hupewa mtu na Mola wake. Haitafutwi na jamaa zake kwa kumkalisha mbali na dawa. Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga aliambiwa na Mtume, sala na salamu zimfikie, amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Na Bi Maryamu, kama tusomavyo katika sura yenye jina lake, aliposhikwa na uchungu chini ya mtende hakuambiwa akae akingoja. Alioneshwa maji, na akaamrishwa autikise mtende ili tende zimwangukie. Mwanamke yuko katika uchungu wa kuzaa, na bado anaambiwa atikise! Sisi wazima tutajitetea na nini?

MKUNGA AVUKA MAJI

Nilipoinuka kuondoka jioni ile, nikiwa nimeshakubali moyoni, mkunga aliniambia, “Mwanamwali abaki Lamu. Mimi nitakwenda.”

Na kweli alikwenda. Wiki mbili kabla ya siku za binti yangu, bibi yule alipanda mashua maji yalipojaa. Nahodha wa mashua hiyo ni kijana wetu, yaani mtoto yule aliyezaliwa usiku ule wa Julai 1983 na kulelewa na mamangu. Alimbeba mkunga mgongoni kutoka ufukoni mpaka mashuani. Hawakusemezana neno, lakini niliwaona wote wawili.

Langoni alipokewa kama mama. Kila jioni alimkanda binti yangu mgongo na miguu, akamfunza namna ya kuvuta pumzi, akamsimulia jinsi nilivyomzaa yeye. Kila alipokwenda kliniki, mkunga alikwenda naye, akamtaka nesi amsomee yaliyoandikwa katika kitabu. Ile hofu ya mwanamwali ikayeyuka siku baada ya siku.

Uchungu ulimshika usiku. Tukatoka taratibu katika vichochoro vya Langoni, yeye katikati, mimi upande huu na mkunga upande ule, mkwe wangu mbele na taa. Mlangoni nesi, mwanamke mwenye umri wa binti zangu, alituambia kwamba anaruhusiwa mtu mmoja tu kukaa na mzazi. Nani basi?

Msomaji mpenzi, mimi ndiye mama. Mguu wangu ulikuwa umeshatangulia. Lakini nilimtazama binti yangu, nikaona ameushika mkono wa nani. Nikarudi nyuma, nikaketi bencini na tasbihi yangu.

Hili la kuwa na mtu wa kumliwaza mzazi si upendeleo. Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe lilishauri mwaka 2018 kwamba kila mwanamke akiwa katika uchungu awe na mwenziwe amtakaye. Lau mwaka 1987 ningekuwa na mkono mmoja tu wa kuushika, huenda nisingeichukia hospitali miaka 36.

Mtoto alilia karibu na adhana ya Alfajiri. Baada ya muda mkunga alitoka, leso yake imelowa jasho, akaniambia, “Mjukuu mke. Sindano wameipiga kabla sijamaliza kusema alhamdulillahi. Na kondo limetoka zima. Nesi amelifunua tukalitazama pamoja.” Akaketi kando yangu. Ndipo nilipomwona akilia, na sikumwuliza analilia nini.

HAKUNA LILILOTOKEA

Sasa nitasema jambo ambalo mwandishi mwingine angelificha. Hakuna lililotokea. Damu haikuzidi, mtoto hakukwama, hakuna aliyekimbia kumwita daktari. Majirani zangu wa Siyu wameniambia, “Si waona? Angezaa salama tu hapa kwetu.” Huenda wasema kweli. Wanawake wengi huzaa salama popote.

Lakini dada yangu naye alizaa salama mara mbili. Mkunga mwenye miaka 60 katika kazi aniambia kwamba hajui, wala hajapata kujua, ni nani atakayetokwa na damu. Hakuna alama usoni. Kama ingekuwako, angeiona yeye. Nanga hutiwa mashuani kila safari, na safari nyingi hurudi haikuteremshwa.

Kwa hivyo kwa wenzangu akina mama nasema: ada ya kumchukua binti yako ni ada ya mapenzi, nayo haikuandikwa kwamba lazima mzazi ndiye asafiri. Kama hospitali iko karibu naye, safiri wewe, na mkunga wako akitaka, mchukue. Kama yeye ndiye aliye mbali, mlete karibu na hospitali kabla ya siku zake. Siku hizi hata kisiwani kwetu, Faza pana hospitali; msingoje maji yakupwe. Arobaini, mkaja, uji na kukandwa vyote vitamngoja nyumbani.

Kwa wauguzi nasema: mkiwatukana akina mama mnawarudisha vijijini, na mkimfukuza mkunga mlangoni mnamfukuza mtu ambaye neno lake moja laweza kuwaletea wazazi kumi. Mpeni kiti.

Na kwa waume: mkwe wangu aliinamisha kichwa kwa heshima, nami nimemsamehe. Lakini jambo la damu si la kuinamishia kichwa. Semeni mapema.

Siku ya sita kitovu cha mtoto kilianguka. Siku ya saba akanyolewa, akachinjiwa akika, akapewa jina la dada yangu. Kitovu tulikifunga katika kitambaa, tukampa nahodha wetu. Alikipeleka Siyu maji yalipojaa, akakizika nyuma ya nyumba ya mamangu. Kwa hivyo akiulizwa siku moja kwao ni wapi, mtoto huyu atajibu Siyu, kama sisi sote. Na mama yake atakuwapo kumsikia.